Nyasi Zisibaki Juu ya Ardhi

Vijana wa ofisi ya kilimo pale Mbinga, siku ya kuniaga mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kupima udongo. Nadhani mlisema kwa adabu tu, huku mkisubiri pilau. Poleni, nimeandika. Sasa nipo nyumbani Lipingo, kando ya ziwa, asubuhi sina pa kukimbilia, na daftari lilikuwepo. Vyeo nimeviruka, vipo kwenye faili na anayevitaka akavisome huko. Nitawaeleza kazi yenyewe, na zaidi nitawaeleza shamba moja la maharage ambalo nusura niliue kwa maneno matano. Hayo maneno hamkuyasikia kwenye hotuba za kuniaga, kwa sababu walioyajua vizuri ni mimi na mama mmoja wa milimani, na yeye hakualikwa.

Nilipanda Mbinga kwa mara ya kwanza juu ya lori la mahindi, nikiwa na sweta la kuazima lililonibana kwapani. Sisi watu wa ziwani baridi ya kule juu tunaisikia kwa watu tu mpaka siku ituingie mifupani. Ofisini nilikabidhiwa kwa Mzee Kandidus, fundi wa kuchukua sampuli, mtu mfupi, mkimya, suruali imekunjwa hadi katikati ya muundi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia huku akiangalia ndoo yangu mpya ya bati niliyopewa stoo. Akaniambia niirudishe. Nikadhani ameniona mzembe. Kumbe ndoo ya bati ina zinki, na udongo ukikaa humo, maabara watakupimia ndoo badala ya shamba. Tangu siku hiyo nimetumia ndoo ya plastiki, na ninyi mliokuwa mnanicheka kwa kuibeba hata kwenye harusi, sasa mmejua.

Wiki ile ile tulikwenda Kigonsera. Niliandika lebo kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kupendeza kabisa, mwandiko wa mtoto wa katekista. Mvua ikanyesha njiani. Tulipofungua mifuko Mbinga, lebo zote zilikuwa mabaka ya bluu, na hakuna aliyejua udongo upi ni wa nani. Mzee Kandidus hakunifokea. Alinipa penseli, na kesho yake tukarudi Kigonsera, kwa miguu kuanzia pale gari lilipotuachia, tukachimba mashimo yote upya. Penseli haifutiki kwa maji. Nimewaambia hivyo mara nyingi, na bado nawaona mnatembea na kalamu za wino zenye vifuniko vya kung'aa.

Kitu kimoja cha Mzee Kandidus kilinichosha. Hakukubali kuchukua sampuli siku ambayo wenye shamba hawafanyi kazi. Alipenda afike siku ya kulima, akute jembe, alime nao mpaka jua lipande, ndipo afungue mfuko wake. Saa nyingine tulipoteza siku nzima kwa ajili ya mashimo sita. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Udongo utakwambia una nini. Hautakwambia wanaufanya nini." Moyoni nilisema huyu amezeeka, anatafuta kisingizio cha kukaa na watu. Alipostaafu, mimi nilianza kuchukua sampuli haraka. Niliingia asubuhi, nikatoka mchana, ripoti ikawa mezani Ijumaa. Nilisifiwa sana kwa jambo hilo.

Sasa nije kwenye shamba lenyewe. Kijiji sikitaji, kipo milimani kupita Litembo, na watu wake hawana kosa. Palikuwa na kituo cha zamani cha kuchanganyia dawa ya kahawa. Miaka mingi watu walileta pale mrututu, yale mawe ya bluu ya shaba, wakayasaga, wakayachanganya na maji na chokaa kwenye mapipa, wakaenda kupulizia mibuni isishikwe na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa mtini. Mapipa yalioshwa pale pale. Kikundi kilichokuwa na kituo kilishakufa, ukuta umebomoka, lakini shaba haikufa. Uwanja ulibaki mwekundu na mtupu, na kila masika maji yaliteremka kutoka pale hadi shamba la chini.

Shamba la chini lilikuwa la mjane anayeitwa Mama Osmunda. Alinizidi umri kidogo, mrefu, sauti ya chini, na jicho linalokupima kabla hujakaa. Kahawa alikuwa nayo upande wa pili wa mlima, lakini kahawa hailiwi. Maharage ya nyumba yake, yeye na wajukuu, yalitoka shamba lile tu, na kila mwaka yalichipuka njano, yakakaa na urefu wa kiganja, yakafa. Alinionyesha mizizi yake, mifupi na minene kama vidole vya mtoto. Akaniambia, "Bibi shamba, ardhi hii imeninunia. Mama mkwe alinikabidhi hapa siku niliyoolewa. Nataka nipande maharage hapa, yaote, niyale, kabla sijafa." Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka kiwanja kingine wala chakula cha msaada, na nilipomtajia kuhama alinitazama mpaka nikaona haya.

Majibu ya maabara yalikuja kama nilivyotegemea. Shaba ilikuwa nyingi mno kwenye uwanja wa juu, na kwake ilikuwa ya kutosha kuharibu maharage. Kuubeba udongo wote ule na kuutupa haikuwezekana, na hata ingewezekana, ungeutupa kwa nani? Wataalamu wa mradi tuliokuwa nao walitaka kuagiza mbegu za mimea ya nje inayovuta madini kutoka ardhini. Ni Mama Osmunda aliyetuokoa na safari hiyo. Alitupeleka ukingoni mwa uwanja, pale mapipa yalipokuwa yakioshwa, akatuonyesha nyasi ndefu za kuezekea zikiwa zimesimama peke yake, na chini bondeni matete, yote mabichi, wakati hata magugu mengine yalikuwa yameshindwa. Tulipima majani yake. Yalikuwa na shaba. Si nyingi kama ya vitabuni, lakini yalikuwa yanainyonya na hayafi, na mizizi yake inakamata udongo usiteremke.

Mpango ukawa hivi. Uwanja wa juu upandwe nyasi wote. Shamba la Mama Osmunda lipandwe nyasi na matete kwa mistari ya kukinga mteremko, ichimbwe mifereji ya kugeuza maji, na kila mwisho wa masika majani yakatwe, yaondolewe, yaote mengine. Ukikata na kuondoa, umeondoa shaba kidogo. Ukirudia miaka, unaondoa zaidi. Ni kazi ya mtu mvumilivu. Yeye alikubali kukaa bila maharage miaka hiyo yote, anunue sokoni, kwa sababu mimi nilimwambia itafaa.

Siku ya mkutano nilisimama mbele ya akina mama wa kikundi chake nikatoa maelezo. Mimi ni Mnyasa, wao Wamatengo, Kiswahili ni cha kuazima kwetu sote, ila mimi nilikuwa najivunia changu. Nikasema mengi kuhusu mizizi na shaba. Nikamalizia kwa amri fupi, nikairudia mara mbili ili iwakae, "Mkishakata, nyasi zisibaki juu ya ardhi." Wakaitikia vizuri kabisa. Mmoja akasema hilo wanalijua tangu utotoni. Nikafurahi kuona watu waelewa namna ile, nikarudi Mbinga.

Mliozaliwa milimani mmeshaanza kucheka, nawaona. Wa pwani na wa ziwani ngoja niwaeleze. Wamatengo hulima ngoro. Mwisho wa masika wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza zikiwa zimekauka kwa miraba shambani, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika. Panabaki shimo katikati na matuta pande zote, na juu ya matuta hupandwa maharage. Nyasi zinaoza chini, zinalisha shamba. Kwa hiyo mtu wa milimani akiacha nyasi zilizokatwa juu ya ardhi, ni mvivu, hafai, hata kuoa atasumbuka. Mahali pa nyasi ni chini. Mimi nimekulia kwenye mihogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, ngoro nilikuwa naziona kwenye vilima kama mtu anavyoona paa za nyumba asizoingia.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kiangazi, kila kitu kimeshakatwa. Nikaona kati ya mistari ya nyasi kuna matuta mazuri yamefunikwa. Nikadhani wameyaweka kuzuia mmomonyoko. Nikaandika kwenye daftari, "Shamba linatunzwa vizuri sana." Daftari hilo ninalo hapa, na nimelazimika kulisoma tena ili niandike haya, si jambo la raha. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Sikuwahi kwenda siku ya kukata. Siku ya kukata ni siku ya kelele, pombe ya mahindi na mizaha ya utani, na mimi nilikuwa na ripoti ya Ijumaa.

Mwaka wa tatu majibu yakarudi, na shaba kwenye shamba la Mama Osmunda ilikuwa imepanda. Imepanda! Nilituma sampuli tena nikidhani ni ndoo, ni lebo, ni mashine. Namba zikarudi zile zile. Wa mradi wakasema basi, mimea ya kienyeji imeshindwa, shamba lizungushiwe uzio na mama apewe pole. Nikatumwa mimi kumwambia. Njia nzima kutoka Litembo nilikuwa nyuma ya bodaboda, najaribu maneno, hakuna hata moja lililofaa.

Nilimkuta uani anapembua mahindi. Tulisalimiana, akaniletea kiti, akaniuliza habari za ziwa, kama kawaida yake ya kunitania kwamba sisi tunalima kwa nyavu. Sikuweza kucheka. Nikamwambia majibu si mazuri, shaba imeongezeka, na sijui kwa nini. Akaweka ungo chini. Akasema kwa fahari, kwa kunitetea mimi kabisa, "Haiwezekani. Tumefuata kila ulilosema. Hatukuacha hata unyasi mmoja juu ya ardhi. Hata zile za uwanja wa juu, kule ardhi ni ngumu haichimbiki, tulizibeba sote mpaka huku kwangu."

Nikamuuliza walizibeba kuzipeleka wapi. Alinitazama kama nimeuliza ugali huwa unapelekwa wapi. Akainuka, akachukua jembe, tukateremka shambani, akapasua tuta moja. Ndani mlikuwa na nyasi nyeusi, zimeoza vizuri, zinanukia. Akapasua la pili, likawa hivyo hivyo. Miaka mitatu nyasi zilikuwa zinanyonya shaba kwa taabu kutoka uwanja wa juu, na akina mama wanaijaza vikapuni, wanaiteremsha mlima, wanaizika kwenye shamba la mwenzao kwa upendo. Na walifanya hivyo kwa sababu mimi niliwaambia.

Nilikaa chini pale pale kwenye tuta. Ningeweza kusema wamekosea. Wa mradi walisema hivyo baadaye, kwamba "jamii haikuzingatia maelekezo", na nilikataa kutia sahihi. Jamii ilizingatia kupita kiasi. Nikamweleza Mama Osmunda kwamba nilitaka ziondoke kabisa shambani, na kwamba maneno yangu yalisema kingine. Akasugua udongo kwenye ubapa wa jembe kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo nimelisha shamba langu sumu kwa mkono wangu."

"Kwa mdomo wangu, mama. Mkono wako haukukosa."

"Siku ya kukata hukuwepo," akasema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana liliniuma. "Ungekuwepo ungetuona. Mnyasa asiyejua ngoro angeuliza, jamani, mbona mnafukia? Basi, yangekwisha siku hiyo."

Nilimkumbuka Mzee Kandidus na suruali yake iliyokunjwa, na niliona aibu ambayo hadi leo, nikiandika, inanipanda shingoni. Nilimwambia Mama Osmunda kwamba akitaka kuacha, nitamwandikia mimi mwenyewe, na lawama zote zitakuwa zangu. Akanijibu kwamba lawama haziliwi. Akataka nimwambie tena, upya, kama ninavyomwambia mtoto. Nikamwambia: kata, funga mzigo, beba, toka nao shambani, usirudi humu kwa namna yoyote. Akarudia moja moja kwa vidole. Kisha akauliza zikitoka ziende wapi, swali ambalo mimi na wataalamu wangu wote hatukuwa tumelipangia jibu la maana.

Tulilipanga siku ile, mimi na yeye. Nyasi zingechomwa ndani ya tangi kuukuu la saruji la kuoshea kahawa, na majivu yafungiwe kwenye mapipa yenye vifuniko, yasiguse bustani ya mtu. Matuta tuliyafukua, kilichokuwa hakijaoza tukakitoa. Wa mradi walifunga mafaili yao, wakaondoka. Mimi niliomba ofisi iniruhusu kuendelea na shamba lile moja, na mkubwa wangu wa wakati huo, ambaye nilikuwa nimemchosha, akasema sawa, ilimradi nisimletee tena.

Msidhani ilikuwa rahisi kwake. Kwa watu wa kule, mwanamke anayechoma nyasi nzuri za ngoro amerukwa na akili. Walimsema kisimani, walimsema baada ya misa. Shemeji yake alikuja kuuliza kama shamba limemshinda alirudishe kwa ukoo. Kila mwisho wa masika nilikuwepo, na ninaposema nilikuwepo nina maana ya nyengo ya kufyekea mkononi, mzigo kichwani, na mgongo uliokataa kunyooka siku tatu. Nilikunywa pombe yao, nikataniwa mpaka basi. Nilijifunza kulaza nyasi za ngoro kwenye shamba la jirani, vibaya, na akina mama wakazilaza upya nyuma yangu bila kusema kitu. Sampuli nilizichukua mchana, baada ya kazi, kwa ndoo ya plastiki na penseli, na mwanzoni Mama Osmunda alinishikia mfuko, baadaye akawa anaandika lebo mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba nyasi zilimaliza shaba. Uwanja wa juu bado ni wa nyasi, na utabaki hivyo baada yangu na baada yenu. Msimruhusu mtu awauzie kiwanja pale, wala ng'ombe asichungwe pale. Lakini kwa Mama Osmunda, mifereji ikizuia maji ya juu, na nyasi zikitoka kila mwaka, namba zilianza kushuka. Zilishuka polepole sana. Kuna mwaka hazikushuka kabisa, akaninunia mimi badala ya ardhi. Yule mama aliniwekea akiba ya uvumilivu ambayo sikuwa nimeistahili.

Mwezi wa tatu mwaka huu, miezi mitatu kabla hamjaniaga, nilimpelekea karatasi ya mwisho ya majibu. Tulikubaliana ajaribu upande mmoja wa chini, ang'oe mistari ya nyasi, apande maharage kwenye matuta matupu, bila nyasi ndani. Alipanda kimya kimya, hakualika mtu.

Wiki iliyopita, bodaboda alishusha hapa kwangu kifurushi kilichotoka milimani kwa basi. Ndani kulikuwa na mfuko wa maharage, kama kilo mbili, mekundu, yamejaa. Juu yake kulikuwa na mfuko mdogo wa nailoni wenye maharage kiasi cha konzi, na lebo ya penseli kwa mwandiko wake mkubwa: "Shamba la chini. Haya ya kupima. Pima kwanza ndiyo ule." Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikatii. Mfuko mdogo niliwatumia ninyi, na mmoja wenu, nadhani aliona ni kichaa cha wastaafu, akaupeleka maabara pamoja na udongo aliokuwa amekwenda kuuchukua kwake. Jana jioni alinipigia simu. Maharage ni salama, na shaba kwenye udongo wa upande ule imeshuka kiasi cha kuruhusu kilimo cha kawaida.

Nikampigia Mama Osmunda saa ile ile. Nilimsomea namba, hakuzijali. Nilisikia kuku nyuma yake. Akasema ameshavuna yote, mashina ya maharage ameyarundika uani tangu wiki iliyopita, hajayagusa, alikuwa ananisubiri mimi.

"Sasa niambie vizuri, bibi shamba, na usinichanganye tena. Niyaweke wapi?"

Nikamwambia, "Chini, mama. Safari hii yafukie shambani."